Damu Iliyokumbuka Ufuta

"Niulize mara mia, Afande, nitakujibu lile lile," alisema mkamwana. "Baba mkwe alikuwa anakula ufuta. Nilimwona kwa macho yangu."

Inspekta hakuandika kitu. Kituoni walimwita Taratibu, kwa sababu katika miaka yote ya kazi yake hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, si mwendo wala maneno. Alimsogezea mwanamke yule glasi ya maji na kuketi vizuri kwenye kiti chake cha chuma. Koplo, kijana wa watu ambaye hakuweza kutulia hata akiwa amekaa, alikuwa akibadilisha mguu wa kuegemea mlangoni.

"Tuanze na yale tusiyobishania," Inspekta alisema. "Ulijua kwamba mzee alikuwa na mzio wa ufuta?"

"Nilijua. Siku niliyoolewa, kabla hata sijaonyeshwa chumba, nilionyeshwa jiko na kuambiwa ufuta hauingii hapa. Alinusurika kufa akiwa mtoto."

"Na wewe ndiye uliyepika mchuzi wa nyama wenye ufuta uliosagwa."

"Ni mimi."

"Mzee akala."

"Akala. Akaomba tena." Macho yalimjaa. "Halafu midomo ikaanza kuvimba."

Hapo ndipo kesi ilipokuwa imekwama, na ndiyo maana wengi kituoni waliona imekwisha. Marehemu alikuwa fundi saa, mzee mjane aliyeishi na mwanawe wa kiume, dereva wa lori, na mke wa mwanawe huyo. Siku ya chakula kile dereva alikuwa safarini. Mzee alifikishwa hospitali koo limeziba, akafia huko kesho yake. Daktari aliyeupasua mwili alisema hakuna sumu. Ni mzio uliomkaba pumzi. Binti wa marehemu, muuguzi katika hospitali hiyo hiyo, alikuja kituoni siku ya mazishi na kumtaja wifi yake. Alijua, akatia ufuta, akamwangalia akila. Mambo matatu, na mtuhumiwa alikuwa anayakubali yote.

"Nieleze alivyoanza kula," Inspekta alisema.

"Alinikuta jikoni siku moja akaniambia, mwanangu, nimepona. Nikacheka. Nikamwambia mzio haupatiwi msamaha, baba. Akatoa punje moja ya ufuta mfukoni, moja tu, akaiweka ulimini. Kisha akakaa pale kwenye kigoda akiisubiri kama mtu anayemsubiri mgeni asiyemwamini. Mgeni hakuja. Siku nyingine akala tano. Baadaye nikamkuta na biskuti nzima ya ufuta, anatafuna kama mtoto aliyeachiwa duka. Akaniapisha nisimwambie wifi, maana angemfokea."

"Kwa nini siku ile ulimpikia?"

"Aliomba mwenyewe. Alisema maisha yake yote anaisikia harufu yake tu kwenye nyumba za watu."

"Nani mwingine alimwona akila?"

Mkamwana aliitazama meza. "Hakuna."

Walipotoka nje Koplo hakuweza kujizuia. "Afande, mimi shangazi yangu akila kamba wa baharini anavimba kama puto. Miaka thelathini. Mtu hapotezi mzio uzeeni kisha ukamrudia siku mkamwana anapompikia."

"Kwa hiyo anadanganya."

"Anadanganya."

"Uongo wa ajabu," Inspekta alisema. "Mtu anayedanganya angesema hakujua. Huyu anakubali kila linalomfunga, anashikilia moja tu lisiloaminika. Twende tukatazame alipokuwa anakaa mzee."

Karakana ya Fundi Saa ilikuwa chumba kidogo cha mbele chenye dirisha linaloangalia barabara. Mwanga wa asubuhi ulilala juu ya meza ya kazi: vibano vyembamba, lenzi ya kubana jichoni, visahani vya kioo vyenye magurudumu madogo kuliko ukucha. Saa za ukutani zilikuwa zimesimama zote, kila moja na wakati wake, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuzitia ufunguo.

"Tafuta mahali ambapo mtu mzima angeficha kitu kisionwe na binti yake," Inspekta alisema.

Koplo alianza na droo. Inspekta alisimama katikati ya chumba akizitazama saa. Moja, kubwa ya mbao, ilikuwa imetundikwa chini kuliko nyingine, usawa wa mkono wa mtu aliyeketi. Aliufungua mlango wake. Haikuwa na mashine ndani. Kulikuwa na kitambaa kilichofungwa fundo, na nyuma yake kichupa cha rangi ya kahawia chenye kifuniko cha mpira wa kudondoshea.

Ndani ya kitambaa kulikuwa na biskuti tatu za ufuta. Moja ilikuwa imeumwa nusu.

Inspekta aliibeba ile nusu kwa kibano mpaka dirishani. Alama za meno zilikuwa wazi: jino, jino, kisha ukuta mwembamba wa biskuti uliobaki umesimama, kisha jino.

"Umeiona picha ya marehemu pale sebuleni?"

Koplo alikwenda, akarudi akiwa amepunguza mwendo. "Ana pengo la mbele, Afande."

"Basi mwanamke yule hajadanganya. Mzee alikula ufuta, na aliishi kuuficha uliobaki." Alichukua kile kichupa. Shingoni kilizungushiwa plasta nyeupe ya hospitali, ili kisivuje. Plasta ilikatwa kwa mkasi, na ncha yake ilikunjwa ndani kidogo, kiasi cha ukucha mmoja, ili anayeifungua apate pa kushika. Koplo alikifungua na kunusa.

"Mafuta ya kupikia," alisema. "Sasa mafuta ya kupikia yanafichwa ndani ya saa kwa nini?"

"Ndilo swali," Inspekta alisema. "Yapeleke kwa mkemia. Yaliyomo, kioo, na ule mpira. Kila kimoja peke yake."

Majibu ya mkemia yalikuwa mafupi. Ndani ya kichupa: mafuta ya kupikia, basi. Kwenye kioo, chini ya plasta: mabaki ya spiriti ya kusafishia. Kwenye mpira wa kifuniko: kanabinoidi, zile kemikali za mmea wa bangi, zimenywewa na mpira kiasi kwamba hakuna kuosha kungeziondoa.

"Alitapeliwa!" Koplo aliruka. "Mzee alinunua mafuta ya bangi kwa maumivu, si unajua mikono ya mafundi inavyochoka, halafu muuzaji akamchanganyia na ya kupikia. Nimtafute muuzaji."

"Muuzaji tapeli anachanganya ili bidhaa iwe nyingi," Inspekta alisema. "Haoshi chupa kwa spiriti. Huyu aliyefanya hivi alitaka tone lolote lisibaki. Tumweke kando kwanza. Mimi nataka kujua jambo jingine. Bangi na ufuta vinajuana vipi?"

Ndilo lililomfikisha kwenye maabara ya utafiti, nyuma ya hospitali, chumba cheupe chenye mlio wa majokofu. Mtaalamu wa mzio alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, aliyezungumza haraka kama anayechelewa gari. Inspekta alikuwa amemletea maelezo ya kesi siku chache kabla, na hospitali ilikuwa imemkabidhi kichupa cha majimaji ya damu ya marehemu kilichobaki kwenye barafu.

"Vaa hili koti, mama. Usiguse meza. Njoo," alisema. "Unajua kinachomuua mtu wa mzio?"

"Ufuta."

"Hapana. Ufuta ni chakula. Kinachomuua ni walinzi wake mwenyewe." Alijigusa koo. "Hapa, na puani, na chini ya ngozi, na tumboni, tumejaa seli tunazoziita seli za masti. Kila moja imebeba vifuko mamia, na ndani ya vifuko kuna kemikali iitwayo histamini na wenzake. Adui akija, wanavipasua. Ngozi inavimba, mishipa inalegea, njia ya hewa inabana. Kwa mdudu mbaya, kazi nzuri. Kwa ufuta, maafa. Sasa mlinzi anamjuaje adui? Mwili umemtengenezea kingamwili, kama antena ndogo, zimesimama juu yake. Ufuta ukigusa antena mbili kwa pamoja, basi."

"Na mzee wangu?"

"Seli zake hatunazo. Lakini antena zake tunazo, zimo kwenye yale majimaji ya damu. Nimechukua seli za masti ninazozikuza hapa, hazijawahi kumjua mtu wala ufuta, nikaziogesha humo. Antena za mzee zimejipachika." Alisukuma kiti. "Kaa. Tazama."

Inspekta alivua kofia yake na kuinamia hadubini.

Kwanza hakuona kitu ila mwanga. Kisha vikajitokeza: viduara vilivyotulia, vingi, kila kimoja kimejaa chembechembe nyeusi kama komamanga lililojaa mbegu. Havikusogea. Vilikuwa na utulivu wa watu waliolala kwenye chumba kimoja.

"Natia ufuta," mtaalamu alisema karibu na sikio lake. "Chembe tu. Usipepese."

Kwa muda hakuna kilichotokea. Halafu kiduara kimoja pembeni kikatetemeka. Ukingo wake ukakunjamana, na chembechembe zikaanza kutoka, moja moja, kisha kwa mafungu, kama kitu kinachochemka bila moto. Jirani yake akafuata. Kisha uwanja mzima ukawaka kwa mtikisiko huo, kila seli ikijimwaga, mpaka mwanga wote ukatapakaa vumbi.

Inspekta alisahau kupumua. Alipokumbuka, alipumua kwa sauti, na Koplo aliyekuwa nyuma yake akasogea kwa wasiwasi.

"Zimemjua," Inspekta alisema polepole. "Mtu ameshazikwa. Udongo umeshamfunika."

"Damu yake haijapata habari," mtaalamu alisema. "Bado inaukumbuka ufuta ule ule wa utotoni."

"Naomba nione tena."

Aliona tena. Koplo naye akaomba, akainama, na kwa mara ya kwanza tangu Inspekta amfahamu, miguu yake miwili ikasimama chini bila kutikisika.

"Sasa sahani nyingine," mtaalamu alisema. "Seli zile zile, antena zile zile za mzee. Ila hizi nimezipa kwanza kanabinoidi ya aina ile ile iliyokutwa kwenye mpira. Natia ufuta, kiasi kile kile."

Inspekta alitazama. Alisubiri. Kiduara kimoja kilitetemeka, kikamwaga kidogo, kikaacha. Kingine kikafuata mbali. Vilivyobaki vilikaa vilivyo, vimejaa, vimetulia, na ufuta ukielea katikati yao kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo watu wamo lakini hawamsikii.

Hakuinua kichwa upesi.

"Zina masikio," alisema.

"Zina vipokezi, ndiyo. Milango ambayo kemikali hizi zinaingiza ufunguo. Na la kukushangaza zaidi: milango hiyo haikuwekwa kwa ajili ya mmea. Mwili wenyewe hutengeneza vitu vya jamii hii, kidogo kidogo. Tunadhani ni mojawapo ya njia unazotumia kuwatuliza walinzi wake wasiivunje nyumba."

"Yaani sasa hivi, ndani yangu, kuna kitu kinawaambia hawa, tulieni."

"Sasa hivi. Na umekaa hapo hujasikia lolote."

Majokofu yaliendelea kuvuma.

Kisha mtaalamu alivua miwani, na sauti yake ikawa kavu. "Sikiliza vizuri, maana utanipeleka mahakamani na haya. Hii ni sahani. Mtu si sahani. Zipo kanabinoidi zinazotuliza, zipo zisizofanya kitu, na wapo watu ambao bangi yenyewe ndiyo mzio wao. Kwa binadamu bado tunatafuta. Mgonjwa wangu akijaribu alichojaribu mzee huyu, nitamfungia chumbani. Wewe useme inawezekana. Usiseme lazima."

"Inawezekana kwamba matone yalimkinga, na siku yalipokoma kinga ikaisha bila yeye kujua?"

"Inawezekana kabisa. Walinzi hawakuwa wamefukuzwa kazi. Walikuwa wametulizwa tu."

Inspekta alivaa kofia. Nje, kwenye kibaraza cha hospitali, alisimama juani akautazama mkono wake, akaugeuza kiganja juu, kiganja chini. Koplo alidhani ameumia.

"Afande?"

"Twende wodini," alisema. "Kuna mtu hapa nataka kumwona akifanya kazi."

Muuguzi alikuwa zamu wodi ya wanaume. Hakuwaona walipoingia. Alikuwa amemwinamia mgonjwa mmoja, akimwekea dripu, akimtania kwamba mshipa wake umekimbia kama mdaiwa, na mgonjwa anacheka pamoja na maumivu yake. Sindano ilipoingia aliibana kwa plasta nyeupe. Akaikata kwa mkasi. Kisha, bila kuangalia, akaikunja ncha ndani kidogo, kiasi cha ukucha mmoja.

Koplo alimtazama Inspekta. Inspekta alitikisa kichwa: bado. Walisubiri mpaka dripu ikaanza kudondoka vizuri.

Walikaa chumba cha wauguzi, mlango umefungwa. Inspekta aliweka kichupa mezani, ndani ya mfuko wa kielelezo.

Muuguzi alikitazama, na rangi ikamtoka usoni.

"Mmekitoa wapi?"

"Ndani ya saa ya mbao. Wewe ulikiona lini?"

Aliugusa mfuko kwa kidole. Kisha akapiga moyo konde. "Wiki moja kabla. Nilikwenda kumfulia nguo, nikakikuta mfukoni mwa koti lake. Nilisikia harufu, Afande, nafanya kazi na dawa kila siku, najua harufu ile. Baba yangu, na umri ule, na moyo wake ule! Kama angekamatwa? Kama angeanguka?"

"Kwa nini hukumwambia?"

"Ungemjua usingeuliza. Baba alikuwa mbishi kuliko mlango wa karakana yake. Ningemnyang'anya, angenunua kingine." Alijifuta pua kwa mkono. "Nikasema nitamwachisha polepole, asijue. Nikamwaga, nikaosha, nikatia mafuta ya kupikia, nikakifunga plasta mpya mahali pa ile yake. Nilidhani namwokoa. Siku mbili tatu baadaye akaniambia mikono imeanza kumuuma tena. Nikanyamaza. Nilimkanda tu." Alinyanyua macho. "Lakini hayo na wifi yangu vinahusiana vipi? Kichupa kile sicho kilichomuua. Ni ufuta."

Inspekta alimweleza. Alimweleza taratibu, kwa maneno ya mtaalamu na hadhari zake zote: punje moja kwenye kigoda, biskuti yenye pengo, antena, milango, walinzi waliotulia na ufuta ukielea katikati yao. Muuguzi aliyasikiliza kama muuguzi, akifuata kila hatua, na Inspekta aliona mahali hasa alipofika mwisho wa njia kabla ya kuongozwa.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Niliufungulia ufuta mlango."

"Mtaalamu amesema inawezekana. Hakusema lazima."

"Mimi ndiye niliyemuua, Afande?"

Koplo aliinamisha kichwa. Inspekta hakuharakisha.

"Jalada litakwenda kwa mwendesha mashtaka, na mimi nitaandika ninayoyajua. Mzee alijitibu kwa siri. Mkamwana wake alimpikia alichoomba. Binti yake alimwaga kitu ambacho yeyote mwenye kazi yako angekimwaga. Hakuna hata mmoja wenu aliyejua kinachotendeka ndani ya mwili ule. Mwenyewe hakujua. Mimi nimekionyeshwa leo, nikakitazama kwa macho yangu, na bado nashindwa kuamini kwamba kila mtu ninayepishana naye barabarani amekibeba."

Muuguzi alilia bila sauti, mikono imelala mezani. Kisha akavua kitambulisho cha kazi shingoni, akakiweka mfukoni.

"Wifi yupo wapi?"

"Kituoni. Natia saini ya kumtoa sasa hivi."

"Naomba nije."

Mkamwana alitolewa kwenye mlango wa nyuma wa kaunta, viatu mkononi, kwa kuwa kamba zake zilikuwa zimechukuliwa. Alimwona wifi yake kwenye benchi, akasita. Muuguzi alisimama. Alikuwa amejiandalia maneno njiani. Inspekta alimsikia akiyanong'ona ndani ya gari. Yote yalimpotea.

"Wifi," alisema. "Baba alikuwa na dawa yake. Ndiyo iliyokuwa inamfanya aweze kula. Mimi niliimwaga. Sikujua. Wewe hukufanya kosa lolote, na mimi ndiye niliyekuleta hapa."

Mkamwana alimtazama. Askari wa kaunta aliacha kupiga mhuri.

"Alijua kwamba umeimwaga?" mkamwana aliuliza.

"Hapana."

"Basi alikaa mezani akiwa na amani." Aliweka viatu chini, akaanza kuvivaa bila kamba, akijishikilia ukutani. "Uliponishtaki nilikuchukia, wifi. Nikilala nilikuchukia, nikiamka nilikuchukia. Sitakudanganya kwamba imeisha leo."

"Najua."

"Kaka yako anafika jioni. Atauliza. Hayo uliyoniambia utamwambia wewe kwa mdomo wako, si polisi, si jirani. Mimi nitakaa karibu yako mpaka umalize."

Muuguzi alifunika uso kwa kiganja. Mkamwana alimpita, akasukuma mlango wa mbele, akatoka kwenye mwanga. Viatu vilikuwa vinamvuka. Alishuka ngazi mbili, akasimama, akageuka nusu.

"Unakuja au huji?" alisema.